Sinema nne za mapenzi na kicheko, 1929 hadi 1936: uanze na ipi?

Rafiki yangu mmoja aliniomba nimtajie sinema ya zamani ya mapenzi yenye kuchekesha, aitazame Jumamosi usiku na mchumba wake. Nikamtajia ninayoipenda mimi. Jumatatu akanipa ripoti: mchumba alisinzia dakika ya ishirini, yeye mwenyewe alijikaza hadi ya arobaini. Kosa lilikuwa langu. Sikumuuliza anapenda nini wala ataitazama na nani.

Basi safari hii naziweka nne mezani, zote za Hollywood, zote nyeusi na nyeupe, hakuna hata moja inayofika saa mbili. Zimetoka katika miaka ile sinema ilipokuwa imeanza kusema juzi juzi tu, bado inajisikiliza sauti yake. Kwa asiyezijua kabisa:

The Love Parade (1929). Afisa wa ubalozi wa Sylvania, nchi ya kubuni, anarudishwa nyumbani kutoka Paris kwa sababu ya visa vyake na wake za watu. Malkia kijana analisoma faili lake, na badala ya kumwadhibu anamwalika chakula cha usiku. Wanaoana. Ndipo bwana anagundua kwamba mume wa malkia hana kazi yoyote. Maurice Chevalier na Jeanette MacDonald, na nyimbo ndani yake.

Trouble in Paradise (1932). Wezi wawili wanapendana Venice, kisha wanajipenyeza kwenye nyumba ya mjane wa Paris mwenye kampuni ya manukato ili wamkamue. Mwizi wa kiume anaanza kumpenda anayeibiwa. Miriam Hopkins, Kay Francis na Herbert Marshall. Mwongozaji ni Ernst Lubitsch, yule yule wa filamu ya kwanza.

It Happened One Night (1934). Binti wa tajiri anaruka majini kutoka kwenye yoti ya baba yake huko Miami, anapanda basi la usiku kumfuata New York mwanamume aliyefunga naye ndoa kinyume na matakwa ya mzee. Kwenye basi yumo mwandishi wa habari aliyetoka kufukuzwa kazi, ambaye anamtambua. Claudette Colbert na Clark Gable, mwongozaji Frank Capra.

My Man Godfrey (1936). Matajiri wa New York wana mchezo wa kushindana kuleta vitu visivyotakiwa na mtu, na mmoja wa "vitu" hivyo ni binadamu: mtu aliyesahaulika. Binti mmoja anampata wake kwenye jalala kando ya Mto East, anaibuka mshindi, kisha anampa kazi ya mtumishi mkuu nyumbani kwao. William Powell na Carole Lombard, mwongozaji Gregory La Cava.

Nitazipima kwa mambo manne: masikio yako yatapata kazi kiasi gani, mapenzi yanasukumwa na nani, kicheko kinatoka wapi, na nini kimechakaa. Mwishoni nitasema kidogo kuhusu nakala na dakika.

Masikio

Nimeyaweka masikio mbele kwa sababu ndiyo yanayowashinda wengi. Usitarajie maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Utategemea ya Kiingereza, au uwezo wako wa kudaka.

The Love Parade ilitengenezwa wakati kamera zilipiga kelele kiasi cha kufungiwa ndani ya vibanda visivyopitisha sauti, na mwigizaji hakuweza kwenda mbali na maikrofoni iliyofichwa. Utaiona hiyo: watu wanasimama, wanasema, wanaimba, kamera imetulia. Sauti ina ukungu. Chevalier anasema Kiingereza chenye lafudhi nzito ya Kifaransa, na ni yeye anayeeleweka zaidi, maana anasema taratibu na uso wake unatafsiri. Ila Lubitsch, ambaye hiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza yenye mazungumzo, alijua namna ya kulikwepa tatizo. Malkia na mgeni wake wanapokula, hatusikii wanachoambiana. Tunawaona mawaziri, mabibi wa ikulu na watumishi, kila kundi kwenye dirisha lake, wakichungulia na kupashana habari: sasa amesogea, sasa wamefika kwenye kahawa. Umbea mtupu, na huhitaji Kiingereza chochote kuuelewa.

Trouble in Paradise inasikika vizuri kuliko zote. Marshall ana sauti laini ya jukwaani, kila neno limepigwa pasi. Ugumu wake uko kwingine: wanachosema sicho wanachomaanisha. Utaelewa kila sentensi na bado ukakosa utani wote kama akili yako imechoka.

Kwa It Happened One Night nina ushahidi wa nyumbani. Niliitazama na mama mkubwa, ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu. Nilianza kumfasiria, baada ya nusu saa akaniambia ninyamaze, ninamharibia. Hali yenyewe inajieleza: binti hajawahi kupanga foleni, hana hela, ana njaa, na mwanamume mwenye karoti mfukoni anajifanya hajali. "Njaa itamfunza huyo," alisema mama mkubwa, na ikamfunza. Binti anayekataa karoti mbichi kwa kiburi anakuja kuitafuna baadaye kimya kimya.

My Man Godfrey ndiyo itakayokutoa jasho. Nyumba ya akina Bullock, familia ya yule binti, ni kama kituo cha daladala saa kumi na mbili jioni: mama anasema, binti mkubwa anasema, mdogo analia, baba ananguruma, wote kwa pamoja. Hapa washa maandishi, usione aibu.

Mapenzi yanasukumwa na nani

Katika The Love Parade mwanamke ndiye anayechumbia, na ndiye mwenye cheo. Kwenye harusi kasisi anawatangaza kuwa mke na mume, mke kwanza, na anayeapa kutii ni bwana harusi. Nusu ya kwanza ni tamu kwa sababu hiyo hiyo: mtongozaji aliyebobea ametongozwa na serikali.

Trouble in Paradise ina pembe tatu isiyo na mtu mbaya. Lily, mwizi, anampenda Gaston kwa sababu ni mwizi mwenzake. Mariette, mjane, anampenda akidhani ni katibu wake mwaminifu, na kwa muda mrefu hajali kama anakosea. Mimi nimeitazama mara kadhaa na kila mara upande wangu unabadilika. Ni mapenzi ya watu wazima wanaojua bei ya kila kitu, na huenda yakaonekana baridi kwa anayetaka machozi.

It Happened One Night ndiyo yenye safari ya kweli ya moyo kutoka kuchukiana hadi kupendana. Usiku wa mvua wanalazimika kulala chumba kimoja, kwenye vibanda vya wasafiri kando ya barabara, wakijifanya mke na mume ili wasipoteze hela. Gable anafunga kamba katikati ya vitanda, anatundika blanketi, anaiita kuta za Yeriko. Yeye, anasema, hana tarumbeta ya Yoshua. Taa inazimwa, mvua inatiririka dirishani, na wanazungumza bila kuonana. Sijui onyesho lingine la miaka ile linalopasha moto chumba namna hiyo kwa kipande cha blanketi.

(Watu husema blanketi lile ni zao la sheria ya maadili ya Hollywood. Si sahihi sana. Kanuni ziliandikwa mwaka 1930, lakini ofisi ya Joseph Breen, msimamizi wa kanuni hizo, ilianza kuzikazia Julai 1934, na filamu hii ilikuwa imeshatoka Februari. Aliyeumizwa hasa ni Trouble in Paradise: kampuni ya Paramount ilipotaka kuirudisha kumbini mwaka 1935 ilikataliwa, ikafungiwa kwa miaka zaidi ya thelathini. Ukitaka kujua ni nini kilichokatazwa, linganisha milango ya vyumba vya kulala katika ile ya 1932 na ile ya 1936.)

My Man Godfrey ni kufukuzana: Irene anampenda Godfrey tangu jalalani, Godfrey anakimbia hadi mwisho. Irene anapojifanya amezimia ili abembelezwe, Godfrey anambeba na kumtia chini ya bomba la maji baridi na nguo zake zote. Irene anatoka humo amelowa, anarukaruka kitandani kwa furaha: amenipenda, amenitia kwenye maji! Ni tamu kuitazama, na inakuwa tamu zaidi ukijua kwamba Powell na Lombard walikuwa wameoana kweli na kuachana mwaka 1933, na Powell mwenyewe ndiye aliyetaka Lombard apewe nafasi hiyo. Lakini kama hadithi ya mapenzi, mimi naiona ndiyo dhaifu kati ya hizi nne. Godfrey hasemi anampenda. Tunaachiwa tudhani.

Kicheko kinatoka wapi

Hapa ndipo tofauti ilipo kubwa, na ndipo ningependa ukae kidogo.

Trouble in Paradise inacheka kwa fumbo. Chukua chakula cha usiku cha Venice. Gaston anajiita baroni, Lily anajiita kauntesi, mezani kuna kuku, nje kuna mfereji wenye mwezi. Lily, kwa sauti ya mahaba, anamwambia baroni kwamba anajua yeye ndiye mwizi aliyemwibia mgeni wa vyumba namba 253, 255, 257 na 259, kisha anaomba apitishiwe chumvi. Gaston hashtuki. Anamjibu kwamba naye anajua kauntesi ni mwizi: pochi aliyoiba yeye, Lily ameshamchomolea. Anaamka, anafunga mlango, anamshika mabega, anamtikisa mpaka pochi inadondoka chini. Wanaketi tena. Kisha Gaston anamrudishia bruchi yake. Lily anamuuliza saa ngapi; Gaston anapapasa, saa haipo, Lily anaitoa na kumwambia ilikuwa nyuma dakika tano, ameirekebisha. Gaston anamwambia, natumaini hutajali nikibaki na mkanda wako wa soksi. Lily anapapasa paja, mkanda haupo, anamrukia shingoni. Hakuna aliyesema "nakupenda". Mtu aliyekulia mahali ambapo jirani anakujibu kwa maandishi ya kanga, bila kufungua mdomo, ataielewa filamu hii haraka kuliko Mmarekani wa leo.

The Love Parade ina ucheshi wa aina hiyo hiyo, ila ungali mbichi. Onyesho la kwanza ni lulu: mwanamke wa Paris anamfumania Chevalier na mkanda wa soksi usio wake, anatoa bastola, mume wa mwanamke anaingia, mwanamke anajipiga risasi, anaanguka. Mume anaichukua bastola, anampiga Chevalier, Chevalier haanguki. Bastola haina risasi. Mwanamke anafumbua macho. Chevalier anaifungua droo kuiweka, na droo imejaa bastola. Karibu yote ni kwa Kifaransa bila tafsiri, na haipotei hata kidogo. Baadaye nyimbo zinapunguza mwendo, na hapo ndipo mchumba wa rafiki yangu alipolala. Ndiyo, niliwapa hii.

It Happened One Night inacheka kwa maisha ya njiani. Namna ya kuchovya donati kwenye kahawa isilowe sana. Foleni ya bafu. Wapelelezi wa baba wanapogonga mlango, wawili hao wanaanza kugombana kama mke na mume waliochokana, na kugombana kwenyewe kunawapendeza mno. Gable anamfundisha Colbert namna tatu za kuomba lifti kwa kidole gumba, magari yote yanampita. Colbert anainua sketi kidogo, la kwanza linafunga breki mpaka magurudumu yanalia. Ucheshi huu haudai chochote kwako.

My Man Godfrey inacheka kwa kichaa cha watu wenye pesa. Kuna mwanamuziki wa kufugwa na mama mwenye nyumba, ambaye kazi yake ni kula na kuiga sokwe juu ya makochi. Kuna farasi aliyeachwa maktaba. Katikati yao Powell, uso mkavu, trei mkononi. Kicheko hiki kina meno: neno "mtu aliyesahaulika" Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alikuwa amelitumia redioni mwaka 1932 kuwasemea walalahoi wa mdororo wa uchumi, na hapa matajiri wamelifanya kuwa namba kwenye orodha ya mchezo, mbele ya mbuzi.

Kilichochakaa

Hakuna iliyosalimika.

The Love Parade inamaliza kwa kumshusha malkia hadi akubali kutawaliwa nyumbani. Walioitengeneza waliona ni haki inarudi mahali pake. Wewe huenda ukataka kuzima. It Happened One Night ina baba anayempiga binti kofi mwanzoni, na mwishoni mpenzi anamwambia baba huyo kwamba binti alihitaji mwanamume wa kumzaba mara moja kwa siku. Ilisemwa kwa utani. Masikioni mwa leo inakwaruza. Mama mkubwa aliguna hapo.

My Man Godfrey inawasema matajiri kwa saa nzima, halafu inafichua kwamba yule maskini aliyewafunza adabu si maskini wa kuzaliwa. Kwangu hiyo ndiyo kasoro kubwa. Wengine hawaioni.

Trouble in Paradise imechakaa kidogo kuliko zote, labda kwa kuwa haimhubirii mtu. Lakini ukubali kwamba wezi wako ndio mashujaa na hakuna anayeadhibiwa.

Nakala, dakika, tuzo

Fupi ni Trouble in Paradise, dakika kama 83. Godfrey kama 94, It Happened One Night 105, The Love Parade karibu 107.

Angalia nakala unayopata ya Godfrey. Hakimiliki yake Marekani ilikwisha kwa kutohuishwa, kwa hiyo kila mtu amewahi kuichapa, na nakala zenye michirizi na sauti ya bati zimezagaa, hata iliyotiwa rangi ipo. Kwa filamu ambayo tayari ni ngumu kusikika, nakala mbovu ni adhabu. Tafuta iliyosafishwa.

Tuzo zisikuchagulie. It Happened One Night ilizoa Oscar tano kubwa kwa mpigo, jambo ambalo halikurudiwa hadi filamu ya mwaka 1975; Colbert alikuwa stesheni akitaka kupanda treni alipokuja kuchukuliwa mbio akapokee yake. The Love Parade na Godfrey ziliteuliwa mara sita kila moja, zikatoka mikono mitupu. Trouble in Paradise haikuteuliwa hata mara moja, na ndiyo ambayo waandishi wa filamu hawaachi kuirudia.

Kwa hali yako

Unatazama na wazazi, au na mtu ambaye Kiingereza kinampa shida: It Happened One Night. Hakuna wa kuinamisha macho, na blanketi litawapa cha kuzungumza.

Mko wawili, mmeoana siku nyingi, watoto wamelala: Trouble in Paradise. Msiitazame mkiwa mmechoka, na simu ziwe chumba kingine, maana ukiinua macho sekunde tano saa ya mtu imeshaibiwa.

Umetoka kazini na hasira na bosi wako, au umewahi kutumikia nyumba ya watu: Godfrey. Hiyo inafaa pia kwa kundi la marafiki wanaopenda kelele, mradi maandishi yamewashwa.

Unapenda kuimba, au unataka kuona sinema ikijifunza kutembea: The Love Parade. Na kama hujaizoea kabisa picha ya zamani, tazama robo saa ya mwanzo tu na lile onyesho la madirishani, uiache bila kujilaumu. Ukishazitazama nyingine tatu, irudie. Masikio yatakuwa yamezoea ukungu wake.

Anayetaka zote nne, mimi ningeanza na basi la 1934, nikarudi kwa wezi wa 1932, nikaja kwa akina Bullock, nikamalizia na malkia. Ndivyo anavyofanya sasa rafiki yangu na mchumba wake. Wameshafika ya tatu. The Love Parade kila Jumamosi wanapata sababu ya kuikwepa.